Beseni la Pili

Walikuwa wameshavuka kijito na kuanza kupanda kilima wakati watu wa mtaa wao, Nyuma ya Kinu, walipoanza kuwapigia kelele. Bibi Etela hakugeuka. Mkono mmoja alikuwa amemshika mjukuu wake Malvina, mkono wa pili amebeba mfuko wenye viatu vyao vizuri, na kwapani amebana mkate bapa aliouoka asubuhi ileile juu ya bamba la jiko, umefungwa kwa kitambaa cheupe.

"Shangazi Etela!" Iboya alipaza sauti kutoka mlangoni kwake, mtoto kiunoni, sigara mdomoni. "Huyo unampeleka shule au unampeleka kuposwa? Mbona umemsuka hadi macho yamevutika?"

"Nampeleka kusoma! Wewe kakande unga wako!"

"Akishajua kusoma aje anisomee kiganja, maana wewe umenidanganya miaka kumi!"

Kicheko kikazuka nyumba hadi nyumba. Etela naye alicheka, ila kimoyomoyo, kwa sababu akicheka kwa sauti Iboya angepata nguvu ya kuongeza.

Kisha akatokea Dushko, mjukuu wake mwingine, mtoto wa mwanawe Geyza, akikimbia sambamba nao kule ng'ambo ya maji.

"Malvina we! Magajo watakukalisha peke yako kama mwenye surua! Sisi leo tunapikiwa viazi na kabichi. Wewe utakula chaki!"

Malvina alikuwa na miaka sita na nusu na pengo la meno mawili mbele. Akasimama.

"Bibi, mimi nataka kwenda na Dushko."

"Najua."

"Sasa mbona tunakwenda huku?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyekushika mkono. Twende."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kulikuwa na shule mbili. Moja ilikuwa hapo kijijini, ya matofali, yenye saa ukutani, na humo walisoma watoto wa magajo, yaani watu wasio wa kabila la kina Etela, la Waroma. Nyingine ilikuwa mjini, ikiitwa shule maalumu, na huko ndiko basi la manjano lilikowapeleka watoto wote wa Nyuma ya Kinu kila asubuhi. Mtoto wa gajo akifika umri, mama yake anakwenda kutaja jina lake, wanaliandika, kwisha. Mtoto wa Nyuma ya Kinu anapelekwa kwanza mjini kwa Bi Sabolova, kupimwa akili. Na tangu Etela aanze kuangalia mambo hayo, hakuna mtoto wa Nyuma ya Kinu aliyewahi kutoka kwa Bi Sabolova na akili timamu. Wanaingia wazima, wanatoka na karatasi ya kuwapeleka shule maalumu.

Geyza, mwanawe Etela, aliitwaa karatasi hiyo na kukaa shule maalumu miaka tisa. Hawakumpiga, hawakumnyima chakula. Walimpenda, kusema kweli. Walimfundisha kusuka vikapu, kuimba, na kuhesabu mpaka mia moja. Mwishoni wakampa cheti chenye mhuri. Akakipeleka chuo cha uashi, mtu wa pale akakisoma mara moja, akamrudishia kwa vidole viwili kama mtu anayeshika soksi. Mwenye cheti kama hicho hapewi hata fomu. Na huyo ni Geyza, ambaye akitazama ukuta anakuambia umepinda kiasi gani bila timazi. Mpaka siku hiyo alikuwa akiwachanganyia watu saruji.

Ndiyo maana Etela alikuwa amekula kiapo juu ya huyu mmoja. Mama yake Malvina alikuwa Ucheki, kwenye kiwanda cha vioo, na kabla hajaondoka alimwambia Etela maneno machache tu: "Mama, huyu asipewe karatasi." Etela alijibu atajitahidi. Sasa siku yenyewe ilikuwa imefika, na yeye hakuwa na mpango wowote zaidi ya mkate na nywele zilizosukwa.

Ilikuwa Februari, theluji inapoyeyuka na njia yote kugeuka uji mweusi. Walipofika pale lami inapoanza wakakaa kwenye ukingo wa kalvati, wakavua mabuti ya mpira, wakayasukuma ndani ya kalvati pamoja na mabuti ya watu wengine, wakavaa viatu. Kila mtu wa Nyuma ya Kinu alifanya hivyo. Mjini mtu akiona tope kwenye viatu vyako anajua unakotoka kabla hujafungua mdomo.

Basi la saa moja na nusu lilikuja, likapunguza mwendo. Dereva aliwatazama, kisha akatazama mbele kama mtu aliyekumbuka jambo, akakanyaga mafuta.

"Bibi, hakutuona?"

"Alituona. Ana haraka ya kwenda kujifungua."

Malvina alicheka hadi akapata kwikwi, na kwikwi hiyo ilidumu robo ya njia. Ni kilomita sita. Walitembea. Jua lilitoka, na kwenye mashamba ya ushirika wa zamani, ambako Etela alipalilia viazi vya watu miaka kumi na minane mpaka ushirika ukavunjwa, kulikuwa na paa wawili wamesimama tu, wanawaangalia. Etela alimfundisha mtoto maneno ya Kislovakia njiani. Kislovakia cha Malvina kilikuwa cha dukani: mkate, maziwa, asante, nitaleta kesho. Nyumbani walisema Kiroma.

"Sikio."

"Sikio."

"Mguu wa meza."

"Mguu wa meza. Bibi, atanidunga sindano?"

"Hadungi. Anauliza. Wewe jibu kama unavyonijibu mimi, ila bila ule ukorofi."

Bi Sabolova hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, na usoni ana uchovu wa mtu ambaye kila siku watu wanamngoja kwenye benchi. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili: meza, kabati, kiti kidogo cha mtoto, na kwenye kona sinki moja jeupe na birika la umeme kando yake. Mtoto aliyetangulia alikuwa amemwaga rangi ya maji sakafuni. Walipoingia, Bi Sabolova alikuwa ndiyo kwanza anamaliza kupangusa. Akakisuuza kile kitambaa cha sakafu ndani ya sinki, akakikamua, akakitundika kwenye ukingo wa sinki, akanawa mikono humohumo.

Etela aliona. Alimpa ule mkate.

"Oh. Asante. Haikuwa lazima." Bi Sabolova akaupokea, akatafuta pa kuuweka, akauweka juu ya kabati. "Nitakula baadaye."

Etela alijua baadaye hiyo. Alishawapa mkate wake wengi wa namna hii, daktari, karani, padri mmoja, wote waliahidi kula baadaye.

"Bibi ukae pale karibu na mlango. Usimsaidie, usimwashirie, usikohoe."

"Nikipaliwa?"

"Utoke nje."

Wakaanza. Etela alikaa wima, mikono magotini, kama kanisani. Bi Sabolova alitoa vipande vya mbao, Malvina akavihesabu, kumi na viwili. Akaonyeshwa rangi, akazitaja, moja akaitaja kwa Kiroma, kisha akajisahihisha. Akaonyeshwa picha ya paka.

"Kwenye picha hii nini kinakosekana?"

"Sikio."

"Vizuri sana."

Etela alimeza mate. Vizuri sana! Angekuwa Iboya hapa aisikie hiyo.

Picha ya pili ilikuwa ya mwanamke jikoni. Amesimama mbele ya beseni lililo juu ya meza, anaosha. Pembeni yake kuna lundo: sahani, vikombe, na nguo za mtoto. Meza ilikuwa na miguu mitatu. Etela aliuona mguu uliokosekana kutoka mlangoni, na macho yake hayakuwa mazuri.

"Na hapa, nini kinakosekana?"

Malvina akaitazama picha muda mrefu. Akainamisha kichwa, akaiangalia kwa upande mwingine.

"Beseni."

"Beseni lipo. Hili hapa."

"Lingine."

"Angalia vizuri, msichana. Kuna kitu ambacho mchoraji amesahau."

"Amesahau beseni," Malvina akasema, safari hii kwa msisitizo kidogo.

Bi Sabolova akaandika kitu. Na Etela, kule mlangoni, akahisi joto linapanda kifuani. Sasa alielewa! Huyu gajo si mjinga. Ameficha jambo kubwa nyuma ya jambo dogo. Mguu wa meza ni wa kudanganyia watoto wasiolelewa, mtego wenyewe ni lile lundo, sahani na nguo za mtoto mahali pamoja. Na mtoto ameuruka.

Kwa sababu nyumbani kwa Etela maji yalichotwa kwa ndoo kutoka bombani, mwendo wa kupumzika mara mbili, lakini mabeseni yalikuwa matatu na hayakuchanganywa hata siku moja. La bluu la vyombo na unga. Jeupe la uso na mikono. La bati la nguo, na hata nguo zilikuwa na zamu zake, za juu ya kiuno kwanza, za chini ya kiuno mwisho. Mwaka mmoja Geyza alirudi amelewa akanawa miguu ndani ya lile la bluu. Lilikuwa jipya. Etela alilipeleka kijitoni siku hiyohiyo akalitoboa kwa shoka ili asije mtu akaliokota, na wiki nzima jirani hakuna aliyekula kwake mpaka waliposikia limetobolewa. Watu wa Nyuma ya Kinu wangeweza kukusamehe wizi wa kuku. Beseni, hapana.

Bi Sabolova akatoa kisanduku. Akapanga juu ya meza vitu vya kuchezea: mwanasesere, beseni dogo jekundu la plastiki, vikombe vinne, sahani, na suruali ndogo ya mwanasesere.

"Mama amechoka," akasema kwa sauti ya hadithi. "Amelala. Wewe msaidie. Mwoshee vitu vyake vyote."

Malvina hakugusa. Alitazama beseni. Alitazama suruali. Aliinama akachungulia chini ya meza, akainuka kwenye kiti, akaenda kuchungulia ndani ya kisanduku.

"Rudi ukae. Kila unachohitaji kipo mezani."

"Hakipo."

"Kipo. Anza."

Malvina akaweka mikono magotini, akamgeukia bibi yake. Etela alitazama dari, kwa kuwa alikatazwa kuashiria, lakini uso wake wote ulikuwa unang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Safi, mama. Usiguse. Usimpe huyo nafasi. Dakika tatu zilipita hivyo. Etela hakukumbuka kama aliwahi kujivunia mtu kiasi kile, hata Geyza alipoacha pombe.

"Basi," akasema Bi Sabolova, akaandika tena, mistari mingi. "Tumemaliza. Nitaandaa karatasi. Mmetoka mbali, ngoja niwape chai."

Akachukua vikombe viwili rafuni, akavisuuza ndani ya lile sinki, chini ya kile kitambaa cha sakafu kilichokuwa bado kinadondosha, akavimiminia chai, akatia sukari, akaviweka mbele yao.

Malvina akamtazama bibi. Etela akatikisa kichwa, kidogo tu.

"Asante, bibie. Hatuna kiu."

"Mmetembea kilomita sita."

"Tulikunywa njiani."

"Mlikunywa nini njiani? Theluji?" Bi Sabolova akavua miwani. Alikuwa ameudhika kweli, na uchovu ukaufungua mdomo wake zaidi ya alivyozoea. "Kila mara ni hivi hivi. Nawapa chai, hamnywi. Mama mmoja juzi aliimwaga kwenye chungu changu cha ua akidhani sioni. Mimi mkate wako nimeupokea au sikuupokea?"

"Umeupokea. Uko juu ya kabati," akasema Etela. "Na chai yako iko juu ya meza. Tumelingana."

Bi Sabolova akawa mwekundu kuanzia shingoni. Kisha, kwa ubishi mtupu, akasimama, akaushusha ule mkate, akafungua kitambaa, akakata kipande kikubwa kuliko alichokusudia, akatia mdomoni. Akatafuna. Akatafuna tena, polepole zaidi.

"Una viazi ndani," akasema mdomo umejaa.

"Kidogo. Ndiyo unaulainisha."

"Haya. Mimi nimekula. Sasa kunywa."

Etela alikuwa amebanwa. Alitazama kikombe. Alitazama sinki.

"Bibie, nikikuambia utanifukuza?"

"Sitakufukuza."

"Kitambaa umeoshea humo. Cha sakafu. Halafu vikombe humohumo."

"Sinki ni safi! Nalisugua kwa dawa kila jioni!"

"Sikatai. Lakini kwetu hata mlevi hafanyi hivyo." Akaona amevuka mpaka, akajaribu kurudi nyuma kwa upole. "Sikusemi vibaya. Najua wewe unalijua jambo hili kuliko mimi, ndiyo maana umemtegea mtoto lile beseni jekundu. Nilipoona suruali na vikombe pamoja nikasema, lo, huyu mama ni mwerevu. Na ile picha! Lakini umeona, hakunasa. Mara mbili. Pale umempa ngapi?"

Bi Sabolova alikuwa ameshika kipande cha pili cha mkate hewani.

"Pale," akasema, "nimempa sifuri. Zote mbili."

Etela alidhani Kislovakia chake kimemponyoka.

"Sifuri ni ile ya duara?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alitakiwa kuosha, bibi. Nimeandika hapa: haelewi maelekezo. Na kwenye picha kilichokosekana ni mguu wa meza."

Moyo wa Etela ulishuka mpaka kwenye viatu vyake vizuri. Alikuwa amekaa pale anachekelea kama bibi harusi, na kumbe mtoto alikuwa anazama mbele ya macho yake. Angeweza hata kukohoa! Lakini akohoe nini, amwambie mtoto avioshe vikombe na suruali? Asingeweza. Hata kwa shule ya matofali.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "angekuwa mchafu, angefaulu."

"Ni vitu vya kuchezea tu."

"Kwako. Yeye umemwambia mama amelala, asaidie. Ulitaka mama akiamka amkute amefanya uchafu?"

Bi Sabolova akaweka mkate chini. Akaitazama karatasi yake, akaigeuza, akaitazama tena, kama mtu anayetafuta kosa la hesabu na anaogopa kulipata. Mwishowe akafungua droo, akatoa sahani ya kuwekea chungu cha ua, akaipangusa kwa karatasi, akaiweka kando ya beseni jekundu.

"Msichana. Hili ni beseni la pili. Mama bado amelala."

Malvina hakungoja maneno mengine. Akasogeza vikombe na sahani upande wa beseni jekundu, akaviosha kwa maji ya kuwazia, kikombe cha nne akakirudia kwa kuwa hakumridhisha, akavipindua vikauke. Ndipo akaivuta ile sahani ya ua upande wa pili kabisa wa meza, mkono ulionyooka, akafua suruali, akaikamua, akatafuta pa kuanika, akaianika kwenye mnyororo wa miwani ya Bi Sabolova uliokuwa mezani. Mwishoni akamfunika mwanasesere kwa leso.

"Amelala bado," akanong'ona.

Bi Sabolova akaivuta ile picha ya jikoni. "Na hapa? Mbali na beseni. Kuna kingine?"

"Mguu wa meza," akasema Malvina.

"Sasa mbona hukusema?"

"Lakini huo kila mtu anauona." Akaonekana kumwonea huruma. "Waweke tofali. Yetu ina tofali."

Bi Sabolova akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, kilichomtoka bila ruhusa. Akachukua kalamu, akafuta, akaandika. Halafu akauliza swali ambalo Etela hakulitarajia.

"Wewe mwenyewe, Malvina, unataka kusoma shule ya kijijini?"

"Hapana."

Etela alifumba macho.

"Kwa nini?"

"Dushko hayupo. Na watanikalisha peke yangu."

Kalamu ikasimama. Bi Sabolova akamtazama Etela, na Etela akajua kwamba akisema neno moja la uongo sasa hivi, kila kitu kitarudi kilipokuwa.

"Hataki," akasema. "Jana usiku alilia. Kesho pia atalia, na mimi nitamburuta. Binamu zake wote wako kule kwenye vikapu, wanakula vizuri, wanaimba. Hata mimi ningetaka kwenda. Lakini nina mwanangu, bibie, anaujua ukuta kuliko fundi, na hakuna anayemruhusu kuujenga. Watamkalisha peke yake, sawa. Mtu akikaa peke yake bado anasikia mwalimu anachosema."

Bi Sabolova aliandika kwa muda mrefu, akapiga mhuri, akawasomea kwa sauti: darasa la kawaida, shule ya kijiji, kwa majaribio ya mwaka mmoja, arudi kupimwa Februari ijayo.

Etela alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasimama, akawasha birika, akangoja lichemke kabisa, akavimwagia vile vikombe viwili maji ya moto, ndani na nje, mara tatu, juu ya ndoo ya taka, mbali na sinki. Akamimina chai mpya. Akampa Malvina kimoja, akanywa kimoja.

"Chai nzuri," akasema.

"Ni ile ile," akasema Bi Sabolova, na kukata kipande cha tatu.

Walirudi kwa miguu, kwa sababu basi la saa nane halikusimama pia. Dereva alikuwa yuleyule. "Bado hajajifungua," Malvina akasema, na Etela akalazimika kukaa juu ya jiwe mpaka kicheko kiishe. Nyuma ya Kinu walikuwa wanawangoja. Iboya alitaka kujua kama mtoto ana akili au hana.

"Anayo," akasema Etela.

"Nani kasema?"

"Imeandikwa. Ina mhuri."

Iboya akaishika karatasi, akaigeuza juu chini, akaisoma kwa makini kwa dakika nzima ingawa hakujua herufi hata moja. "Kweli," akasema. "Ina mhuri." Dushko alimletea Malvina viazi na kabichi ndani ya kofia yake, vimepoa, na Malvina akavikataa kwa sababu ya ile kofia, akapigwa teke, akalipiza, wakaenda kucheza.

Septemba Malvina alianza shule ya kijiji. Alikaa peke yake dawati la nyuma, karibu na kipasha joto, miezi miwili na nusu. Novemba baridi ilipoingia msichana mmoja wa kigajo alihamia pale kwa ajili ya joto, na hakuondoka. Februari Malvina hakurudishwa kupimwa, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka. Alimaliza miaka tisa, kisha chuo cha wauguzi, ambacho aliacha mwaka wa tatu alipopata mimba, akakimaliza baadaye. Anafanya kazi zahanati ya mjini, anapima watu presha, ana watoto wawili.

Dushko alimaliza shule maalumu. Anachimba mitaro ya nyaya Ucheki na anakuja nyumbani Krismasi. Geyza alijenga nyumba yake mwenyewe bila kibali, kuta zake zimenyooka, na halmashauri imemwandikia barua mbili za kuibomoa ambazo bado hazijatekelezwa. Mama yake Malvina alirudi baada ya miaka minne na mgongo mbovu. Iboya yupo. Bi Sabolova alipima watoto wa Nyuma ya Kinu miaka mingine saba. Kumi na mmoja kati yao waliandikiwa darasa la kawaida, waliobaki wakaenda na basi la manjano. Alistaafu, akahamia kwa dada yake. Bibi Etela alifariki mwezi Machi akiwa na miaka themanini na mmoja, kitandani kwake, na alizikwa siku ya Jumamosi.